Kabichi Ndogo za Ziwani

Kericho, Jumapili, 14 Juni 1936.
Asubuhi ukungu mzito juu ya chai, baridi. Jua limetoka saa tatu.

Kaka mpendwa Joab,

Nakusalimu sana, wewe na mama na wote hapo nyumbani. Je, kifua cha mama kimepata nafuu? Mimi ni mzima, na watoto ninaowafundisha hapa estate ya chai wamefika kwenye hesabu za kugawanya.

Kaka, naandika kwa furaha. Yale majani yanayoelea uliyoniletea kutoka ziwani mwezi wa pili, yanayofanana na kabichi ndogo, hayakuisha. Nimeyahesabu: themanini na sita.

Utashangaa, maana nilikuandikia kwamba yote yalikufa. Ijumaa nilipita nyuma ya jiko la Memsahib, yule bibi Mzungu wa estate, penye hori kuukuu la ng'ombe linalojaa maji ya mvua. Maji hayakuonekana, ni kijani kitupu. Mpishi Ombati, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, aliniuliza tangu lini Wajaluo wanalima kabichi bila jembe. Nikamwambia anyamaze asinivurugie hesabu, nikapiga magoti matopeni.

Kisha nikasoma shajara yangu. Kila Jumamosi nimeandika kwamba nimechuma machanga na kuacha makubwa. Wajua likizo zangu zote za shule nilichuma chai. Mkono umezoea kutwaa jani changa. Ndivyo nilivyofanya kwenye tangi la kioo la samaki wa Memsahib, na machanga nikayatupa horini. Kumbe haya si chai! Mmea mkubwa huzaa watoto ubavuni, halafu huchoka, hugeuka njano, huoza na kuwachafulia samaki maji. Mkubwa ndio wa kutolewa.

Sasa lililo zito. Mwezi wa nne, tangi lilipoanza kunuka, Memsahib aliniuliza sababu. Niliogopa kunyang'anywa kazi ya kutunza tangi, nikasema ulileta majani yenye ugonjwa. Ndipo aliposema hawezi kumkabidhi maua yake mtu asiyejua kuchagua majani, na ile kazi ya bustani aliyokuahidi ukaikosa. Shajara yangu inasema yalifika mabichi, bila doa hata moja. Nilijua hivyo nilipokuwa nikisema. Nisamehe, kaka.

Leo baada ya ibada nilimpeleka Memsahib horini nikamweleza yote. Akasema mwongo hataligusa tena tangi lake, na wewe uje Jumatatu ya tarehe 22 na kipande chako cha kazi: bustani ni yako, na tangi pia ni lako.

Basi shika haya. Toa makubwa kila Jumamosi, acha sehemu wazi mwanga uwafikie samaki, na usimwagie maji juu ya majani. Ombati atakutania kuhusu samaki. Nawe mtanie kuhusu ndizi za kabila lake.

Mpe mama mkono wangu. Ndimi dada yako,
Elmina Ayoo

Jumatatu alfajiri, kabla ya kufunga bahasha: jana nililala saa mbili na nusu usiku, usingizi wa mapema wa kwanza tangu ule uongo wa mwezi wa nne.