Gérard amesema "mama yangu"

Carmel, uko? Gérard amemusaliti Emérence. Rafiki yake tangu miaka kumi. Nimetoka mu salle ya paroisse, kule kanisani, saa hii.

Unajua vile Emérence anaandika, anasema ni kama muhogo. Habari anailowesha siku nyingi mpaka ilainike, ndipo anaitoa maganda, anaianika, anaitwanga. Ile ya mama yake, waliyemuua kule Nyantende mu vita ya '96, alituambia sisi watatu tu, wewe, mimi na Gérard: "Hiyo ingali mu maji. Sijaweza kuigusa."

Leo Gérard amesoma kitabu chake kipya mbele ya watu. Muhogo. Maji. Maganda. Kisha akasoma kifo cha yule mama, mpaka rangi ya kitenge alichovaa. Akafunga kitabu, akasema, "Huyo ni mama yangu."

Mama YANGU, Carmel. Na mama yake iko hai, alikuwa amekaa mustari wa kwanza.

Watu walilia. Emérence hakulia. Alimungojea mulangoni, akamuuliza pole pole, "Kwa nini?"

Akajibu, "Wewe ulisema tu, haukuandika. Na vita imerudi. Nani anajua kama ungepata wakati?"

Mama ya Gérard alisikia yote. Alimushika Emérence mukono, akamuuliza kitu kwa sikio, kisha akarudi ndani mwenyewe na fimbo yake, akaomba micro ya kusemea.

"Mama ya Gérard ni mimi," akasema. "Aliyekufa aliitwa Nabintu."