Mkanda Ulioufunga kwenye Gazeti

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu hasira imeisha. Ningeweza kukupigia simu. Namba yako ya Mugumu ninayo. Lakini kitu ulichonipa kwa siri siwezi kukujibu kwa siri. Barua hii ni ya wazi. Aisome atakayetaka, hata wale wazee waliokuja dukani kwako siku ile.

Mkanda wangu wa kahawia bado uko ndani ya gazeti. Sijawahi kuufunga kiunoni.

Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipoingia mara ya kwanza kwenye ule uwanja mdogo nyuma ya duka lako la ushonaji, hapa Tarime mjini. Mbele, wateja walikuita Fundi. Nyuma, ukishavua tepu ya kupimia shingoni, ulikuwa Sensei, mwalimu wetu wa karate. Sare zetu ulizishona mwenyewe, na mikanda uliitia rangi kwenye beseni, ndiyo maana kila mwenye mkanda wa kijani alikuwa na kijani chake. Tulikuwa wavulana kumi na kitu na msichana mmoja.

Siku ya kwanza ulinisimamisha mbele ya kijana mmoja, ukatuambia tuinamiane. Nikainama kama nilivyofundishwa nyumbani kuwasalimia wakubwa: kichwa chini, macho kwenye miguu yake. Ukasema, "Anza," na kabla sijainuka ngumi yake ilikuwa imeshafika kifuani. Nikakaa kwenye vumbi. Wavulana walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Ghati, ulikuwa unatafuta nini kule chini?"

"Nilikuwa nasalimia, Sensei."

"Umesalimia vidole. Vidole havipigi ngumi." Ukainama mbele yangu taratibu, macho yako yakibaki usoni pangu. "Mgongo ndio unaotoa heshima. Macho yabaki kazini."

Hujui maneno yale yalinifanyia nini. Kwetu msichana anayemkazia mkubwa macho huambiwa hana malezi, na mimi nilikuwa nimezoea kuwajua watu kwa miguu yao. Nilijua viatu vya kila mwalimu shuleni. Nilijua makatambuga ya baba mkubwa aliyenilea, yale ya tairi, na msumari uliochomoza kwenye kisigino cha kushoto. Sura zao ungeniuliza nisingeweza kukueleza.

Ulinipa macho, kisha ukanipa sauti. Nilipopiga ukelele wangu wa kwanza wa kushambulia ulitega sikio ukauliza, "Huyo ndama atakuja kweli, au tumtume mtu akamlete?" Nilicheka, nikakasirika, nikapiga mwingine uliomfanya mke wako achungulie kutoka jikoni.

Halafu wakaja wageni kutoka Nyamongo kushindana nasi. Kijana niliyepangiwa aliponiona aliwaambia wenzake, "Wametuletea mpishi?" Nikarudi nyuma hatua moja. Uliniinamia sikioni, ukaniambia nisiingie kama mtu anayeomba njia. "Ingia kama mtu aliyeitwa." Nikatangulia kufika katikati, nikamsubiri. Nilimshinda kwa pointi mbili, na alipokuja kunipa mkono hakutaja jiko.

Tangu siku hiyo niliingia hivyo kila mahali. Niliingia hivyo darasa la fizikia na chumba cha mtihani. Madereva wa bodaboda pale stendi wakanipa jina la mura, kama wanavyomwita kijana wa kiume. "Wewe mura! Leo umempiga nani?" Nami nikawajibu, "Bado nakutafuta wewe." Unaona jinsi ulivyokuwa umenijenga? Ndiyo maana siwezi kukaa kimya.

Nilipomaliza kidato cha nne, wageni walitoka Gorong'a na habari zao za ng'ombe wa mahari. Baba mkubwa aliniita nije kuwaamkia. Niliinama kwa kila mmoja, shikamoo baba, shikamoo baba. Mgongo wangu ulitoa heshima yake yote. Macho hayakushuka.

"Binti," mmoja akauliza, "mbona unatuangalia kama unatupima uzito?"

"Nawatambua tu, baba. Naomba mnisamehe, mimi naenda kidato cha tano."

Walimaliza soda zao wakaondoka bila kupatana. Baba mkubwa hakunipiga wala hakufoka. Aliniuliza swali moja tu: "Hilo jicho amekupa nani?"

Nikakutaja, Sensei. Nilikutaja kwa majivuno, nikidhani nakupa heshima. Kama kuna kosa langu katika habari hii, ni hilo.

Kesho yake mchana alikuja dukani kwako na wazee watatu. Mimi nilikuwa uani nafagia, nimeshavaa sare, pazia tu likitutenganisha. Nilisikia kila neno.

"Fundi, tunasikia unawafundisha mabinti zetu kupigana."

"Hapana, mzee wangu."

"Na huyu Ghati?"

"Ghati? Huyo anajifunza cherehani tu."

"Basi wewe shona nguo. Watoto tutawalea wenyewe."

"Nimeelewa, wazee wangu."

Nilisogeza pazia kidogo. Ulikuwa unatazama makatambuga ya baba mkubwa.

Wiki hiyo ndiyo ilikuwa ya kupandishwa mikanda. Ulinitahini peke yangu asubuhi, kabla hujafungua duka, na sikukosea hatua hata moja. Jumapili wavulana waliitwa mmoja mmoja mbele ya wazazi wao, ukawafunga mikanda kwa mikono yako, watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa na watazamaji, nimevaa gauni. Watu walipotawanyika uliniita kwenye cherehani, ukanipa kifurushi cha gazeti kama muuza nyama anavyompa mtu nusu kilo yake. Ukaninong'oneza, "Umestahili. Ila usiufunge hapa."

Kama nilistahili, kwa nini si hapo? Swali hilo nimelibeba kidato cha tano, nimelibeba chuo kikuu, nimerudi nalo Tarime.

Najua ulikuwa mgeni. Baba yako alitoka pwani, na nguo za wazee wale ndizo zilizowalisha watoto wako. Nimekupima kwa haki, Sensei, miaka yote hii. Lakini mimi nami niliogopa, na nilisimama mbele ya wanaume wale wale nikiwa sina chochote isipokuwa ulichonifundisha. Ningejua kwamba wewe mwenyewe hujawahi kukijaribu, sijui kama ningethubutu.

Kisha ukahamia Mugumu bila kuaga. Ningenyamaza, kama si mwanafunzi aliyetoka huko akahamia shuleni ninapofundisha. Alinikuta nawafundisha wasichana karate jioni, akasema, "Madam, Sensei wetu kule anatusimulia habari za msichana wa Tarime ambaye hakuwahi kushindwa. Ni wewe?"

Nikamwambia aingie kwenye mstari. Kwa hiyo unanitaja! Unanitaja Mugumu, mbali na baba mkubwa. Na hata hivyo umewadanganya. Nilishindwa mara moja, nyuma ya pazia lako, na aliyenishinda hakuinua hata mkono. Siku niliyohitimu chuo, baba mkubwa naye alisimama kwenye sherehe akasema ujasiri wangu ni wa damu ya ukoo. Sasa kila mtu anajua nilikotoka. Siku ile wazee walipokuuliza, nilikuwa natoka kwenye cherehani.

Wasichana wangu ni wanane. Wanaitwa mura njiani, na mama zao wenyewe huwauliza ni nani atakayeoa mateke. Mmoja wao siku ya kwanza aliinama akanitazama vidole vya miguu. Nikamwambia maneno yako, neno kwa neno, na nikakukumbuka kwa namna ambayo ilibidi nigeuke nijifanye nafunga dirisha. Hasira isingekuwa kubwa hivi kama mapenzi yangekuwa madogo.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, watafungwa mikanda yao ya kwanza kwenye uwanja wa shule, mbele ya wazazi wao. Nimemwalika baba mkubwa, naye amesema atakuja. Basi la kwanza kutoka Mugumu litakufikisha kwa wakati. Nitakuja na lile gazeti. Nataka ulifungue mbele ya watu, useme mimi nilikuwa nani kwako, na mkanda uufunge kwa mikono yako. Usipokuja, wasichana watapata yao, na wangu utarudi nyumbani ulivyo. Sitamwomba mtu mwingine.

Usije kama mtu anayeomba njia. Umeitwa. Nitakuinamia, na mgongo wangu utakupa heshima yako yote. Wewe nitazame usoni.

Mwanafunzi wako wa cherehani,
Ghati