Kosa Nililoliona Kwenye Programu ya Tomasi

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Amani iwe kwako na kwa wote walio chini ya paa letu hapo Majengo. Goti la Mama limetulia, au baridi ya mlimani bado inalitafuna? Na wewe, macho yanakuruhusu kutunga uzi kwenye sindano?

Mimi mwili uko sawa, alhamdulillahi. Moyo ndio hauko mahali pake. Sikutaka kukuambia kwa simu, maana ningelia, nawe ungeanza kutafuta nauli ya kunirudisha.

Watu msikitini wakikuuliza kazi yangu, huwa unawajibu, "Kompyuta." Ni kweli, ila hizi ni za aina mpya, za kwantamu. Bado ni chache na zinakosea kwa urahisi. Kuziamrisha tunatumia programu huria, yaani zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua bure, kuzifungua na kuzirekebisha. Mkuu wa maabara alinipa tatu nizilinganishe, ichaguliwe moja ya kutumiwa na wote.

Ya kwanza ni ya kampuni kubwa. Iko na kila kitu, na ukikwama hukosi wa kukusaidia, lakini inabadilishwa kila mara. Ulichoandika mwaka jana leo hakifanyi kazi. Ya pili ni nyepesi na ina kasi, ila imeshonwa kwa kipimo cha mashine za walioitengeneza, kwingine inabana. Ya tatu iliandikwa na Tomasi.

Tomasi nimewahi kukutajia. Ndiye yule mzee wa ofisi jirani aliyenizungusha mji mzima nilipofika huku Ujerumani, tukitafuta nyama ya halali, na yeye si Mwislamu. Programu yake ameilea miaka mingi na watu wachache wa kujitolea. Baba, ni nzuri. Ukikosea, inakueleza kosa kama mwalimu mpole. Mimi nilijifunzia hapo, na nilitaka ishinde.

Lakini nilipozipa zote hesabu moja, pamoja na zile vurugu ndogo ndogo zinazosumbua mashine halisi, yake ilitoa jibu tofauti. Nikarudia. Nikabadilisha kompyuta. Jibu lile lile, na si sahihi. Nilipoifungua ndani nikaliona kosa: liko kwenye msingi, na kuliondoa ni kuandika upya karibu nusu ya kazi yake.

Nilimwendea yeye kwanza. Alisoma majibu niliyoyapata, akavua miwani.

"Mkuu ameona?"

"Bado. Nikikupa muda, unaweza kuitengeneza?"

"Ningekuwa kijana, ndiyo." Akaivaa miwani tena. "Zainabu, kuna watu watatumia majibu haya kutafuta dawa za wagonjwa. Andika ulichokiona."

Nikaandika. Mkuu akachagua ile ya kampuni kubwa, na nafasi ya kazi ya Tomasi ikafutwa, kwa sababu aliajiriwa kuitunza ile programu yake. Sikujua mambo hayo mawili yamefungwa pamoja. Wenzangu wananipongeza, ati nimefanya kazi safi. Programu yenyewe bado iko wazi kwa yeyote anayeitaka, lakini hakuna anayeigusa. Palipokuwa na meza yake pamewekwa mashine ya kuchapisha.

Jumapili nilimpelekea sambusa nyumbani kwake. Mke wake alifungua mlango nusu.

"Hayupo," akasema, macho chini.

Nyuma yake nilimsikia Tomasi akikohoa. Nikamwachia mama yule bakuli la sambusa, nikashuka ngazi. Huku msimu huu giza linaingia saa kumi jioni; nikarudi kwangu bila kuiona njia vizuri.

Ulitufundisha kwamba ukweli haumwangushi mtu. Labda haumwangushi anayeusema.

Msalimie Mama, umwambie tu kwamba ninakula vizuri. Salamu kwa dada Mwanaidi na duka lake la nguo huko Nanyuki, kwa Mjomba Idi, mchinjaji wa Kiganjo, na kwa Mama Wanjiru, jirani anayetuchotea maziwa. Mkisoma dua Ijumaa, mtaje na Tomasi. Mwenyewe haombi.

Ni mimi binti yako,
Zainabu