Makali ya Kisu cha Mama

Jumamosi, 1 Juni

Nimepaka mafuta visu vyote vya kukunja. Mafuta ya cherehani yameisha tena, na suruali ya mwalimu bado haina mifuko. Atasubiri. Kisu nilichonunua kwa mrina asali kilikuwa na kutu kwenye pini. Nimekikunja na kukikunjua mpaka kikalainika. Mke wangu anasema fundi nguo mzima nacheza na visu kama mtoto na gari la mabua. Sawa.

Kizuri kuliko vyote ni cha marehemu mama. Kidogo, mpini wa pembe ya ng'ombe, bapa limeliwa na jiwe la kunolea mpaka limebaki jembamba. Sikikatii hata uzi.

Jumatatu, 3 Juni

Dada Salome amefika kutoka Ikungi. Bila taarifa. Nimempa shikamoo, ameitikia huku tayari amempokea mtoto. Mjukuu wangu, miezi mitatu, binti wa mwanangu Elia. Elia yuko Dodoma kwenye ujenzi, mkewe Neema tunaishi naye hapa Itigi. Neema ni mtu wa Kigoma, mila za kwetu hazijui.

Mtoto ana vipele na analia akikojoa. Zahanati wamempa dawa. Dada kasema dawa ya zahanati haifiki huko. Sikupenda alivyosema.

Jumatano, 5 Juni

Dada ameomba kuona kisu cha mama. Nimefurahi. Humu ndani hakuna anayeomba kuona visu vyangu. Amekikunjua, amekipitisha kwenye ukucha, akasema makali yake yamelala.

Nikaona aibu. Nimekaa uani na jiwe laini mchana kutwa. Mke wangu kapita na ndoo, kasimama, kapita tena. Sasa kinanyoa malaika ya mkono. Dada ameomba abaki nacho, kumbukumbu ya mama. Nimempa. Amekifunga kwenye pindo la kitenge.

Alhamisi, 6 Juni

Cherehani sijaigusa leo.

Asubuhi dada amesema, kama anayezungumzia mvua, kwamba mtoto ana lawalawa. Sijalisikia neno hilo tangu utoto. Mtoto wa kike akiugua huko chini, wazee walisema haponi mpaka akeketwe. Tena akiwa mchanga ndiyo vizuri, serikali haitajua. Mama alikuwa akiitwa kwenye nyumba za watu, anakwenda na kisu hicho. Nilidhani anakata vitovu.

Tulikuwa na mdogo wetu wa kike. Tuliambiwa alikufa kwa homa. Leo nimekumbuka vile vitambaa vya damu alivyofukia mama nyuma ya nyumba.

Nimemwambia dada anirudishie kisu. Amecheka.

"Umeshanipa, mdogo wangu. Jumamosi nitakurudishia, na mjukuu mzima."

Ijumaa, 7 Juni

Naogopa. Dada na mke wangu wananong'ona jikoni, nikiingia wananyamaza. Mke wangu amefua nepi zote na kuchemsha maji mengi. Haniangalii usoni. Basi na yeye yumo. Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yote hii, na simjui.

Neema anatabasamu tu. Dada habanduki mlangoni kwake, nimekosa hata nafasi ya kumnong'oneza. Simu ya Elia haipatikani. Nimeamua. Kesho kukipambazuka nawapeleka Neema na mtoto polisi. Watu watasema nimemchongea dada yangu wa tumbo moja. Waseme.

Jumamosi, 8 Juni

Chumba cha Neema kitupu. Mke wangu hayupo. Dada hayupo.

Nimekimbilia stendi, nikauliza kila gari la kwenda Ikungi. Hakuna aliyewaona. Nikakaa chini mbele za watu. Nikaenda sokoni. Dada nimemkuta huko, peke yake, anawatafuta na yeye. Amenitukana kwa Kinyaturu chetu, kwa sauti, kwamba nimewaficha. Hapo ndipo nikapumua.

Nimefungua mwenyewe pindo la kitenge chake, nikachukua kisu. Nimemwambia akimsogelea mtoto huyo tena, polisi nitawaita mimi. Amepanda gari bila kuaga.

Mke wangu amerudi adhuhuri. Aliwapandisha Neema na mtoto treni. Hakusema zaidi ya hapo, nami kwa furaha sikuuliza.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu ametoka kanisani, amekaa uani kuchambua mchele. Nimekaa karibu naye. Nimemwambia nilidhani yuko upande wa dada. Amesema ilibidi dada adhani hivyo. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia hata mimi.

"Nilikuona unakinoa, Baba Elia. Mchana kutwa."

Nimemweleza yote tangu mwanzo. Amesikiliza, amesema sawa.

Nimemwuliza wameshukia kituo gani. Amepeta mchele, akatoa mawe mawili. Sijarudia kumwuliza.