Kuku Bado Yuko Bandani

Baba yangu,

Shikamoo. Hata nikiwa huku Uholanzi naisikia hiyo "marahaba" yako ndefu. Goti linasemaje? Na Mama, bado anakuficha asali? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu, na matobolwa, vile viazi vikavu mlivyonifungia, yamekwisha.

Naandika kwa sababu simu yako unaiweka spika, Usinge nzima inasikia.

Ule mzizi ulionipa, nikaja nao pamoja na vibali vyake, tuliusaga tukatoa dawa yake, kisha tukaidondosha kwenye seli za saratani tunazozifuga maabara, kwenye visahani vya plastiki. Nilipochungulia kwenye hadubini, nyingi zilikuwa zimekufa. Nikarudia nikidhani nimekosea. Majibu yaleyale. Nililia, Baba, mbele za watu. Mkuu wetu akauliza, "Nani alikuonyesha mti huu?" Nikajibu kwa sauti, "Baba yangu, mganga wa Usinge." Siku ile nilijiona mrefu kuliko mnara wa simu.

Nikakupigia. Sasa Mama ananiambia Jumapili ulisimama kanisani ukatangaza, "Mwanangu kaua kansa!" Nilicheka sana, mpaka aliposema kwamba Mama Mdogo Nyamizi, na uvimbe wake wa titi, naye alikuwepo. Eti amesema, "Basi hospitali ya Kitete sirudi. Shemeji atanichemshia mzizi."

Hapo kicheko kikaisha. Baba, seli zile hazina ini wala figo. Hata ukizimwagia jiki zitakufa, na jiki hatumnyweshi mtu. Kama mzizi utamfaa binadamu, kwa kipimo gani, au utagombana na dawa za hospitali, hatujui bado. Kazi hiyo ni ya miaka. Uvimbe wa Mama Mdogo hausubiri miaka.

Mimi hatanisikia, mtoto wa juzi. Wewe atakusikia. Mke wa jirani alipokwama kwenye uchungu, hukuchemsha kitu. Ulimpakia kwenye baiskeli ukamsukuma mpaka zahanati. Uganga wako naupendea hapo, na hao wa huku nimewasimulia habari hiyo kabla hata ya mzizi.

Wewe ndiye uliyenifundisha, tukitoka porini na majembe, kwamba aliyechimba dawa hajisifu njiani. Anangoja mgonjwa atoke nje kwa miguu yake na kumletea kuku. Baada ya hapo ajisifu hata wiki nzima. Sasa mzee mzima umejisifu njiani!

Nakuomba umpeleke Mama Mdogo hospitali wewe mwenyewe, ukae naye mpaka aitwe.

Msalimie Mama, na Kaka huko kwenye mizinga ya nyuki. Mzee wa kanisa mwambie akupe tena nafasi Jumapili, useme: mwanangu amefanya kazi nzuri, lakini mgonjwa hajasimama. Hata hayo ni ya kujivunia.

Mama Mdogo mwambie nampenda, na kwamba namtaka hai nitakaporudi, hata kama kuku wake atampa daktari.

Mimi binti yako, ninayetembea kifua mbele kwa ajili yako,

Kabula