Watoto Niliomtajia Mama Mkwe

Yaya Nabintu, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wote waliobaki katika uwanja wetu wa Kavimvira. Mmeamkaje? Mguu wako unaendeleaje, ule uliovimba ulipotembea kutoka Kamanyola na mzigo kichwani? Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa mkono, halafu nitapiga picha kurasa hizi nizitume kwenye simu yako, uzisome rezo ya simu ikirudi.

Ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara nyingi. Unasema mabomu sasa yanasikika mpaka sokoni, majirani wengi wamekwisha kuvuka mpaka kuingia Burundi, nawe umefunga mizigo, lakini mama mkwe wangu amekataa kutoka. Nilimsikia mwenyewe nyuma yako, anakufokea:

"Minye siendi! Bajukuu bangu bakifika hapa batakuta nani mu nyumba? Batakuta kufuli?"

Nawe ukamjibu: "Mama Sifa, bajukuu bako Amerika, kule hakuna masasi. Masasi ya bunduki iko kwako weye!" Ukacheka kidogo, kama unavyocheka ukiogopa. Yeye hakucheka.

Yaya, hakuna wajukuu. Ndiyo sababu ya barua hii. Nilimdanganya, na uongo wangu umemfungia mama mzee katika nyumba iliyo njiani mwa vita. Nakuomba uisome yote kabla hujanilaani, kisha uende kwake. Mimi ni mkwe, siwezi kumwambia mama wa mke wangu mambo ya tumbo la binti yake. Hata kumsalimu nilikuwa namsalimu nikitazama chini.

Unajua jinsi tulivyokaa na mke wangu Sifa miaka yote ile bila mtoto, kambini Tanzania na huku pia. Unajua maneno aliyoyavumilia. Madaktari wa huku walimpima wakaona mirija yake imeziba. Walisema ni ugonjwa wa zamani ambao haukutibiwa. Sifa alijua mara moja ni upi: ile homa ya tumbo iliyompata walipokimbia kutoka Bijombo, alipolala porini bila dawa, naye bado msichana.

Lakini walisema kuna njia. Wanachukua mayai ya mke na mbegu ya mume, wanaviunganisha ndani ya kioo, wanangoja siku chache, kisha wanarudisha tumboni. Yalipatikana matatu. Moja wakamwekea Sifa, mawili wakayaweka kwenye baridi kali kwa ajili ya baadaye. Hatukumwambia mtu yeyote. Nilitaka kukuambia wewe, Sifa akakataa. "Yaya wako hana kinywa kibaya," alisema, "lakini ana marafiki. Kesho sokoni watasema Sifa amenunua mutoto mu friji."

Lile moja lilishika. Nakumbuka alianza kutembea huku ameshika ukuta, na tumbo lilikuwa bado halionekani. Nikifunga mlango kwa nguvu ananigombeza: "Pole pole, utamwamsha." Nikitoka kazini kwenye kiwanda cha kuku, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, alivishika kwa viganja vyake vyote viwili mpaka vipate moto, huku anataja samaki anaotaka kula. Ndagala, kuhe, mukeke. Huku hakuna hata mmoja wao. Alitaja tu.

Mimba ikiwa na miezi minne na zaidi kidogo, maji yakatoka. Tukakimbilia hospitali. Wakatuletea mkalimani kwenye simu, mtu asiyeonekana, sauti yake safi sana. Sifa akaninong'oneza, "Huyu anaongea Kiswahili cha redio," tukacheka, Yaya, tulicheka kweli. Kisha ile sauti ikasema:

"Daktari anasema maji yamekwisha na mtoto hataweza kuishi. Lakini moyo wake bado unapiga. Kwa sheria ya jimbo hili mtoto aliye tumboni ni mtu, na hawaruhusiwi kuitoa mimba hiyo mpaka uhai wa mama uwe hatarini."

Sifa akasema, "Muulize, hatari inaanzia wapi?"

Mkalimani akauliza. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wako hivi. Alitazama viatu vyake, akasema maneno machache. Mkalimani akasema, "Anasema hata yeye hajui. Anasema wanasheria wa hospitali wanazungumza."

Walizungumza siku mbili. Sisi tulingoja. Nilikaa namtazama mke wangu anaanza kutetemeka, ninawaita, wanakuja, wanapima moyo wa mtoto, wanasema bado unapiga, wanatoka. Wauguzi wawili walikuwa wakilia. Simwiti mtu yeyote pale muuaji. Niliona watu wanaoogopa kufungwa, na mimi watu wa namna hiyo nimewazoea tangu kwetu. Siku ya tatu ule moyo ukanyamaza, ndipo wote wakakimbia, vitanda vikasukumwa, milango ikafunguka. Lakini homa ilikwisha kuingia katika damu. Neno la mwisho nililomsikia akisema ni "Umekula?" Nilikuwa sijala tangu siku tuliyofika. Nikamwambia ndiyo.

Mtoto walinipa amefungwa kitambaa. Kwetu mimba iliyoharibika wanazika wanawake, na mwanaume hata haulizi wapi. Huku sikuwa na shangazi wala dada. Nilimweka kifuani kwa mama yake mwenyewe na kufunga jeneza.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Wiki ile ile ya matanga nilipata barua kutoka kwa wale waliotusaidia kupata mimba. Waliandika kwamba mahakama imeamua, hata yale yaliyo kwenye baridi ni watoto mbele ya sheria. Kwa hiyo wamesimamisha kazi zote. Nilikwenda. Kijana mmoja wa kwetu anayejua Kiingereza alinifasiria. Nilimwambia mama wa pale ofisini:

"Kama ni watoto wangu, nipe niwachukue."

"Hatuwezi. Wakitoka kwenye baridi watakufa, na sisi tutashtakiwa."

"Basi mumwekee mwanamke mwingine."

"Hatuwezi. Asiposhika mimba, tutashtakiwa."

"Basi waacheni waende wakapumzike na mama yao."

Alitikisa kichwa. Hilo pia hapana. Akanipa kiti na maji. Nilimuuliza watakaa pale mpaka lini. Akasema hata yeye angependa kujua.

Nimetoka pale, sijavua hata koti, simu ikalia. Ilikuwa ile siku mlipokusanyika kuondoa matanga. Uliongea wewe, akaongea baba mdogo, halafu mama mkwe akamnyang'anya simu. Alikuwa hajawahi kuongea nami kwa simu maisha yake yote. Akaniuliza swali moja: "Byamungu, mutoto wangu hakuacha kitu?"

Nilikuwa na ile barua mkononi, Yaya. Nikasema, "Ameacha watoto wawili, mama. Wako hospitali."

Nilisikia vigelegele, na sijui kama ulikuwa wewe au nani. Siku ya kuondoa matanga, vigelegele! Ningeweza kusema neno lingine papo hapo. Sikusema. Nilijiambia sheria ndivyo inavyosema, mahakimu ndivyo walivyosema, mimi ni nani. Toka siku hiyo kila akipiga nazidi kuzama. "Banafanana na nani?" Nasema bado haijulikani. "Banakula bugali?" Nasema bado wadogo, mama. "Banalia sana?" Nasema hapana, hawalii. Kila jibu nililompa nikijua ni la kweli na ni la uongo.

Sisemi yale mawili si kitu. Sifa alikuwa anayaita "bale betu," na mimi pia nikipita barabara ya pale yalipo napunguza mwendo. Lakini hayana miguu ya kumfikia bibi yao, hayana kinywa cha kuuliza nyumba iko wapi. Hayatafika Kavimvira mwaka huu wala mwaka mwingine. Mama mkwe amezaa sita na kuzika watano, naye ndiye mzazi pekee niliyebaki naye. Sitaki kusikia kwamba amekufa akilinda mlango kwa ajili ya watu wasioweza kuja.

Kwa hiyo mwendee leo, rezo ikikupa tu barua hii. Usimsomee, mweleze kwa maneno yako, wanawake mkiwa peke yenu. Mwambie Sifa alikufaje, maana nilimficha hilo pia. Mwambie hakuna mtoto aliye njiani. Usinipunguzie kosa. Usiseme Byamungu alichanganyikiwa kwa huzuni, kwa maana atanihurumia, na akinihurumia atakaa kitako hapo alipo kunililia. Mwambie mkwe wake ni mwongo. Atainuka, namjua, atataka kunitafuta anitukane. Msaidie kubeba mkeka wake na sufuria, umwambie simu za Burundi zinashika vizuri zaidi, ng'ambo ya mpaka atanipata. Nitapokea. Na anitukane mpaka achoke, mradi awe amevuka.

Nisalimie baba mdogo anayetunza makaburi yetu, binti yako mkubwa na mtoto wake wa mgongoni, na yule mama jirani mwenye kubadilisha faranga aliyekuwa akimkopesha Sifa sabuni. Wote wavuke.

Ni mimi mdogo wako niliye mbali,
Byamungu