Kocha Ambaye Hayumo Pichani

Ipyana, Kyela

Mjukuu wangu Tumaini,

Ugonile? Sisi huku hatujambo. Kakao imezaa vizuri, na mama yako amepona mguu.

Umeniuliza kwa nini kila nikitazama picha ya timu yetu na kombe namtaja Mwalimu Asajile, ambaye hayumo pichani.

Yeye ndiye aliyewafundisha vijana wale mpira miaka mitatu, kila jioni baada ya vipindi vya shule. Biashara huria ilipoanza, mfanyabiashara mmoja akawanunulia jezi, akaleta na kocha wake kutoka Mbeya, wiki mbili kabla ya fainali. Asajile hakugombana na mtu. Siku ya fainali alilipa kiingilio kama sisi, akasimama kando yangu.

Kipindi cha pili wapinzani wetu, Busale, walikuwa wanaongoza kwa bao moja, na vijana wetu walikuwa wanabutua tu. Nahodha wetu, Lusekelo, akageuka kumtazama Asajile. Asajile akashusha kiganja taratibu: mpira uwe chini. Wakaanza kupigiana pasi fupi kama alivyowazoeza, wakafunga mawili.

"Hawajakuita kwenye picha?" nikamuuliza, timu ilipokuwa ikipigwa picha na kombe.

"Lusekelo alinitazama, dada. Inanitosha."

Mimi haikunitosha. Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, nilisimama, nikasema aliyetupatia kombe ni Mwalimu Asajile. Lusekelo akasimama, kisha timu nzima.

"Ndaga fijo, Mwalimu," wakamshukuru kwa sauti moja.

Asajile alijifuta machozi kwa mkono wa shati. Sijawahi kujivunia sauti yangu kama siku ile.

Bibi yako akupendaye,
Tusajigwe